Amani, Amana na Majilio ya Mkunazini

Kila ifikapo mwisho wa Novemba nasikia maneno yale yale kwa watu wengi, na mimi mwenyewe nimeyasema miaka mingi: "Ngoja nimalize haya, halafu nitatulia." Haya ni ada ya Januari. Ni mkopo wa kikundi, sare za kwaya, nauli ya boti na basi kwenda kuwaona wazee bara, mgonjwa aliyelazwa, kesi ya kiwanja isiyokwisha. Kila mtu ana "haya" yake. Kanisani mshumaa wa kwanza wa Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi, unawashwa, msomaji anasimama kusoma habari za amani, na sisi tumekaa kwenye viti akili inapiga hesabu.

Nimefika mahali naamini kwamba kutulia kwa mtu aliyemaliza mambo yake na amani inayotangazwa katika Majilio ni vitu viwili mbalimbali. Kile cha kwanza hakiji, maana mambo hayaishi. Anayemaliza ada anakuta paa linavuja. Cha pili humjia mtu mambo yake yakiwa bado yamejaa mezani, na ndiyo maana Kanisa limekiwekea majira ya kungoja kabla ya sikukuu yenyewe. Tena nadhani Unguja, mahali ambapo Wakristo ni wachache sana, panafaa kuliko sehemu nyingi kwa mtu anayetaka kujifunza jambo hili.

Nianze na lugha, kwa sababu mimi ni mwalimu wa lugha na sijui pa kuanzia pengine. Amani ni neno la Kiarabu kwa asili. Shina lake ni herufi tatu, alifu, mimu na nuni, na katika shina hilo hilo wamezaliwa imani, amana, kuamini, muumini. Hata "Amina" tunayofungia sala, iliyotufikia kutoka Kiebrania, ni ya ukoo huo huo, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. Mswahili akisema imani, amani na amana kwa mfululizo, anasikia udugu wao sikioni kabla hajafundishwa na mtu.

Watafsiri wa Biblia hawakuyabuni maneno haya. Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na kuwa askofu mwenyewe mwaka 1874, alijifunza Kiswahili kwa watu wa mji huu, akachapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akaifanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Mji huo ulikuwa wa Waislamu, na lugha yao ilikwisha kuiva katika mambo ya dini karne nyingi kabla yake. Kwa hiyo tunapoimba usiku wa Krismasi "na duniani iwe amani", neno hilo tumelipokea kutoka vinywani mwa majirani zetu. Wakristo wa Zanzibar tungelikumbuka hilo mara kwa mara, mioyo yetu ingekuwa laini zaidi.

Katika maneno hayo ya ukoo mmoja, lililonifungulia mlango ni amana. Nalo sikufunguliwa darasani.

Miaka kadhaa iliyopita, wiki ya pili ya Majilio, nilipigiwa simu usiku kutoka Masasi kwamba kaka yangu amefariki. Mke wangu na watoto walikuwa wamekwisha kutangulia huko kwa likizo. Ndani nilikuwa na fedha taslimu, ada ya binti yangu niliyoitoa benki mchana ule, na hati ya kiwanja. Mwezi huo mtaani kwetu zilikuwa zimevunjwa nyumba mbili. Alfajiri nikabisha kwa jirani, mama mtu mzima ambaye mtaa wote tunamwita Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

Nikamweleza. Akasema, "Inna lillahi," akanishika mkono akakaa kimya kidogo. Kisha akamwita mjukuu wake awe shahidi, tukazihesabu fedha mara moja, akazifunga pamoja na hati kwenye pembe ya kanga, kanga akaitia sandukuni, sanduku akalifunga. Mimi bado nimesimama pale pale, namuuliza hili na lile, nani mwingine ana ufunguo, sanduku linakaa chumba gani. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nenda kamzike ndugu yako. Hii sasa ni amana. Ikishakuwa kwangu usiiwaze tena. Kuiwaza ni kazi yangu."

Kwenye boti nililala. Nilikuwa sijapata usingizi tangu simu ile, na bahari siku hiyo haikuwa shwari, lakini nililala mpaka tunaingia Dar es Salaam. Nimelifikiria sana lile lepe la usingizi. Hakuna lililokuwa limekwisha: kaka yangu alikuwa mfu, ada ilikuwa bado haijafika shuleni, safari ya Masasi ilikuwa mbele yangu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Nilichokuwa nimekishika kwa mikono miwili kilikuwa mikononi mwa mtu ninayemjua.

Baada ya maziko, jioni moja Masasi, nikafungua Waraka wa Pili kwa Timotheo. Paulo yumo kifungoni, anaandika akijua kwamba huenda asitoke, na anasema: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu utotoni, katika kanisa lile lile la Masasi, na sikuwahi kuliona neno amana limo. Paulo hadai kwamba anajua yatakayotokea. Anadai kwamba anamjua mtu. Imani yake, amana yake na utulivu wake vinakaa kwenye sentensi moja kama ndugu waliokutana mkekani.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma masomo ya Majilio kwa jicho jingine. Alhamisi ya wiki ya kwanza husomwa Isaya sura ya 26, na ahadi yake inaanza kwa kulinda: "Utamlinda yeye ambaye moyo wake umekutegemea katika amani kamilifu, kwa kuwa anakutumaini." Jumapili ya tatu, ile ya mshumaa wa rangi ya waridi, katika mwaka mmoja kati ya mitatu ya mzunguko wa masomo tunasoma Wafilipi 4, kwamba tusijisumbue kwa neno lolote, na amani ya Mungu ipitayo akili zote "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu". Angalia nani anamlinda nani. Sisi tunaishi kana kwamba amani ni yai tulilopewa tulibebe sokoni bila kulivunja, na kila anayetugusa tunamkasirikia. Paulo anasema amani ndiyo iliyosimama mlangoni kama bawabu, na moyo ndio uliomo ndani. Mtu aliyeelewa hivyo hawi mkali kwa watoto wake wanaopiga kelele wakati wa sala.

Neno Majilio lenyewe lina siri yake. Limetoka katika kuja, likapitia kujia, kisha kujilia, yaani mtu fulani anamwendea fulani kwa jambo lake. Katika Injili ya Luka sura ya 19 Yesu anaulilia mji wa Yerusalemu, anasema, "Laiti ungalijua, hata wewe katika siku hii, yapasayo amani!" na mistari miwili mbele anataja sababu ya msiba wa mji huo: "hukutambua majira ya kujiliwa kwako." Amani na kujiliwa vimewekwa pamoja. Mji uliikosa amani kwa sababu ulijiliwa na haukujua kwamba umejiliwa. Mimi naliona hilo kuwa utambuzi mkali kuliko yote niliyoyasikia juu ya wasiwasi wa Desemba. Tunatafuta amani kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea, tunapekua huku na huku, wakati aliyetujia amekaa barazani anangoja tumkaribishe.

Hapa lipo swali ambalo vijana wa kanisani wameniuliza zaidi ya mara moja, na wana haki ya kulipata jibu: je, mahubiri haya ya amani ya moyo si njia ya kuwanyamazisha watu? Mtu hana kazi, anaambiwa tulia. Mtu ameonewa, anaambiwa mwachie Mungu.

Siwezi kulijibu nikiwa nimesimama mahali pengine popote isipokuwa Mkunazini, hapa mjini Unguja, maana kanisa letu kuu limejengwa pale pale lilipokuwa soko la watumwa. Nje, shimoni, zipo sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998, na minyororo ni ya kweli. Hakuna Mkristo anayeweza kupita hapo akaenda kuhubiri amani ya juu juu. Yeremia aliwakemea wahubiri wa namna hiyo zamani: wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani. Mtu ambaye angesimama sokoni pale na kumwambia aliyefungwa kwamba atulie, kwa kuwa Mungu anajua, angekuwa anamfanyia kazi dalali.

Basi na tuutazame mwaka 1873 polepole, kwa sababu ndani yake mna Majilio kamili. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mwingereza wa Uskoti aliyetumia miaka mingi kupaza sauti juu ya biashara ile, alifia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei. Tarehe 5 Juni Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Ni kama mwezi mmoja tu kati ya mambo hayo mawili. Mzee yule alikufa hajui. Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, na leo ndani yake umo msalaba wa mbao uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo ambao chini yake moyo wake ulizikwa. Kila Jumapili ya Majilio nikiketi upande ule nautazama msalaba huo, namfikiria mtu aliyengoja maisha yake yote akafa wiki chache kabla ya jibu. Kisha nawafikiria wale ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliouzwa mwaka 1872, na 1860, na 1850, walioomba kwa lugha zao Kiyao na Kinyasa, wakapakiwa majahazini.

Wala mkataba haukuumaliza utumwa. Soko lilifungwa, lakini hali ya utumwa yenyewe iliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba mpaka amri ya Aprili 1897, na masuria walingoja mpaka 1909. Kwa hiyo kanisa lilipokuwa linapanda, jiwe juu ya jiwe, juu ya soko lililofungwa, mjini walikuwamo watu ambao bado ni mali ya watu. Lililotarajiwa lilikuwa limekuja, na lilikuwa bado halijaja. Hiyo ndiyo hali ya Majilio, na mimi sijui mahali pengine inapoonekana kwa mawe na chokaa kama pale.

Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la watu waliokombolewa, wakielekea bara, sehemu walizotekwa, na wakaishia kujenga makao Masasi. Kanisa nililobatiziwa chimbuko lake ni watu hao. Nikisikia swali la vijana kuhusu kunyamazishwa nawakumbuka. Walikuwa wamenyang'anywa kila kitu ambacho mtu hukiita usalama, na wakawa na nguvu za kutembea, kukata miti, kujenga nyumba, kulima, kufundisha watoto wa wenzao. Amani iliyokuwa imo ndani yao iliwanyanyua. Hiyo ndiyo alama ninayoitumia mpaka leo kupima: amani inayomlaza mtu mbele ya dhuluma imetoka kwingine, na amani inayompa mtu mkono usiotetemeka wa kuishughulikia dhuluma hiyo imetoka kwa Mungu.

Na sisi wa zama hizi tumepimwa. Novemba 2012 sheikh wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi mwaka huo padri wa Kikatoliki alipigwa risasi akajeruhiwa hapa Unguja, na Februari 2013 mwingine aliuawa kwa risasi Jumapili asubuhi akifika kanisani kuongoza misa. Miezi ile kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na mlango wa kanisa ilitugeuza shingo. Majilio yaliyofuata nilikuwa siwezi kufumba macho wakati wa sala. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kanisani, mzaliwa wa Mbweni, aliyeniambia kwamba yeye hufumba macho kwa makusudi wakati huo, ili amwambie Mungu kwa mwili wake kwamba ulinzi umehamia kwake. Nilijaribu. Jumapili ya kwanza nilifumbua mara kumi. Ya nne nilifumbua mara moja. Sidhani nilikuwa nimeacha kuogopa. Hofu ilikuwapo, imekaa kwenye kiti chake, ila haikuwa tena ndiyo inayoongoza ibada.

Yohana Mbatizaji naye aliogopa, au tuseme alishuka moyo. Jumapili ya tatu, katika mwaka ambao Injili inayosomwa ni ya Mathayo, tunamsikia akiwa gerezani, yule yule aliyekuwa ananguruma jangwani, anatuma watu wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Nawaomba wahubiri wasilikimbie swali hilo. Kanisa limeliweka katikati ya Majilio, kwenye Jumapili ya furaha, na Yesu hakumkemea aliyeliuliza. Alimjibu kwa kumtajia yanayoonekana: vipofu wanaona, viwete wanakwenda. Mtu anayeamini akiwa na shaka amekaa karibu na Yohana, na amekaa mahali pazuri. Na kama giza lake limezidi, hapati usingizi, hawezi kula, anatamani kufa, apelekwe kwa daktari pamoja na kuombewa. Mungu aliyemlisha Eliya jangwani kabla ya kusema naye hachukizwi na dawa.

Nilisema Unguja panafaa. Sababu ya kwanza ni ukimya. Miji mingi ya bara Krismasi inaanza Novemba, madukani nyimbo, barabarani taa, na ikifika siku yenyewe watu wamechoka nayo. Mji Mkongwe unaendelea na shughuli zake. Mvua za vuli zinamalizikia, pepo za kaskazi zinaanza kuingia, embe boribo zimejaa Darajani, adhana inaita mara tano, na hakuna anayekukumbusha kwamba kuna kitu unakingoja. Ukingoje mwenyewe moyoni. Wakristo wengine wanalilalamikia jambo hili. Mimi naliona ni zawadi. Kungoja ambako hakushangiliwi na mtu ndiko alikongoja Mariamu. Ndiko alikongoja Simeoni hekaluni, mzee mmoja katikati ya watu waliokuwa na haraka zao.

Pemba, mwaka 1897 walifika Wakristo wa jumuiya ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, wakaanzisha misheni Banani, si mbali na Chake Chake, kwa ajili ya watu walioachiwa huru mwaka ule. Desturi yao ya ibada ni kukaa kimya pamoja mpaka mtu asukumwe moyoni kusema. Wao hawakuwa na majira ya Majilio katika kalenda yao. Lakini nikiwawazia wakiketi kimya baina ya mikarafuu, na watu ambao mwezi uliopita walikuwa watumwa, naona wangetufaa sana sisi ambao hatuwezi kukaa dakika tano bila kipaza sauti.

Sababu ya pili ni Ramadhani za majirani zetu. Anayeishi Unguja ameona mji mzima ukijitayarisha, ukipunguza mwendo, ukikubali njaa imfundishe mtu. Zamani Majilio nayo yalikuwa majira ya kufunga katika sehemu nyingi za Kanisa. Tumebaki na rangi ya zambarau bila njaa yake. Sitaki tuige, kila dini ina njia yake, lakini nataka tuone haya kidogo.

Sababu ya tatu nimeipata kwa kijana mmoja wa kanisani kwetu anayefanya kazi ya vyumba katika hoteli ya pwani ya mashariki. Desemba ndiyo msimu wa wageni, Paje, Jambiani, Kiwengwa, Nungwi kote kumejaa, na vijana wengi wa Kikristo waliotoka bara hawapati ruhusa ya Krismasi, kanisani wala nyumbani. "Mwalimu," aliniambia, "Krismasi yangu mimi ni kutandika vitanda vya watu waliokuja kupumzika." Nikamuuliza anaombaje. Akasema ana vitanda kumi na vinne kwa zamu, na kila anapokung'uta shuka la kitanda anamtaja mtu mmoja wa kwao: mama, baba mdogo, dada aliyeachika, mtoto wa dada, mpaka vitanda vinakwisha. "Nikiwa nimebaki na vitanda na watu wamekwisha, narudia mama." Nimesoma vitabu kadhaa vya sala, na hiki kilinizidi.

Kwa hiyo nina neno kwa viongozi wetu wa makanisa, kwa heshima zote. Tuondoleeni vikao vya Desemba. Kamati ya mapambo, kamati ya chakula, kamati ya sare, mchango wa hiki na wa kile, mazoezi ya kwaya mpaka saa nne usiku, na muumini anayefika Krismasi akiwa amegombana na nusu ya jumuiya yake. Yesu aliposema "jiangalieni, mioyo yenu isije ikalemewa", alitaja ulafi na ulevi, akaongeza na masumbufu ya maisha haya. Hilo la tatu sisi tunalipikia chungu kanisani. Afadhali jioni moja ya wiki mlango wa kanisa uwe wazi, taa chache, bila hotuba, watu wakae.

Na wale wanaotangaza kwamba kila mtu atafunga mwaka na muujiza wake kabla ya tarehe 31, wajue wanaovunjwa moyo nao ni akina nani. Ni yule mama aliyetoa sadaka ya mwisho akaamka Januari mosi na mtoto bado mgonjwa, kisha akaambiwa imani yake ilipungua. Amana hairudishwi kwa tarehe anayoipanga aliyeiweka. Paulo alisema "hata siku ile", na siku ile hakuitaja.

Mimi nafanyaje? Nina daftari la mistari. Usiku wa Jumapili ya kwanza ya Majilio naandika kila ninachokishika kwa mikono miwili, kitu kimoja mstari mmoja. Kila usiku kabla ya kulala nasoma mstari mmoja kwa sauti, nasema maneno ya Zaburi ya 31, "Mikononi mwako naiweka", nataja kitu hicho, nafunga. Kisha wimbo wa Simeoni tunaouimba katika sala ya jioni: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani". Siku zote za Majilio ni kati ya 22 na 28, na mistari yangu haijawahi kupungua hapo. Mwaka huu mstari wa kwanza ni macho ya mama. Wa pili ni binti yangu, yule ambaye ada yake ilikaa kwenye kanga ya Bi Mkubwa. Amemaliza chuo, mwaka wa tatu huu hana kazi. Mstari wake umo daftarini kwa Majilio ya tatu mfululizo. Usiku wa zamu yake sauti hunikwama. Naweka hivyo hivyo. Na kuna usiku, naukiri, najikuta saa nane nimekwenda kuichukua tena amana ile, naihesabu upya gizani, na alfajiri nairudisha.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kanisani nimeshika kitambaa cha zambarau cha mimbari, nakipeleka nyumbani kikashonwe pindo. Bi Mkubwa amekaa barazani, siku hizi miguu inamsumbua, hatoki.

"Hicho cha nini, mwanangu? Kuna msiba?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Ni rangi ya kungojea. Tunaweka wiki nne kabla ya Krismasi."

"Wiki nne mnangoja tu?"

"Tunangoja tu."

"Nabii Isa?"

"Ndiye."

"Na sisi twasema atarudi." Alilisema kwa utulivu, na wote wawili tunajua kwamba anavyolisema yeye na ninavyolisema mimi havikutani kila mahali. Akakitazama kitambaa, akakipapasa pindo kwa vidole kuona lilivyofumuka. Kisha akanisogezea sahani ya shokishoki, akasema nikae, jua bado kali.